Mwanga na Kivuli Nyuma ya Katuni

Muulize mtoto aliyetoka kutazama filamu ya katuni ameona nini, naye atakutajia wanyama na watu. Atakuambia simba alifanya hivi, sungura akajibu vile, na yule mwovu mwishowe akatumbukia gengeni. Hatakutajia majani, wala mawe, wala ukungu uliotanda bondeni. Hatakuambia kwamba jua lilikuwa likipiga kutoka kushoto. Hata mtu mzima hatayataja hayo. Lakini yaondoe, na hadithi nzima itaporomoka, maana mhusika atakuwa amesimama patupu, na mtazamaji hatajua kama ni asubuhi au jioni, kama pana amani au kama hatari iko njiani inakuja.

Nataka kuwazungumza watu wanaochora hayo yasiyotajwa, yaani wachoraji wa mandhari. Kazi yao sasa ina umri wa zaidi ya miaka 100. Imepita katika wino, ikapita katika rangi za maji na vioo, na leo imo ndani ya kompyuta. Vyombo vimebadilika mno, lakini maswali anayojiuliza mchoraji wa mandhari kabla ya kuweka rangi ya kwanza yamebaki yale yale mawili: mwanga unatoka wapi, na jicho la mtazamaji liende wapi?

Mwaka 1914 mchoraji wa Marekani aitwaye Winsor McCay alionyesha filamu fupi ya mnyama mkubwa wa kale, Gertie the Dinosaur. Kila mwendo wa mnyama ulichorwa kwenye karatasi yake. Na kwa kuwa kila karatasi ilijitegemea, milima na ziwa vilivyokuwa nyuma ya Gertie navyo vilibidi vichorwe upya kwenye kila karatasi, mara maelfu. Kazi hiyo ya kunakili alipewa kijana mmoja, John Fitzsimmons. Hebu fikiri, msomaji, kuchora mlima ule ule leo, kesho na keshokutwa, nao mlima hausogei! Hata mkono wa mtu makini hauwezi kurudia mstari mmoja mara elfu bila kutetereka, na ndiyo maana ukiitazama filamu hiyo leo utaona mistari ya mandhari inatetemeka. Mandhari ya namna hiyo haikuweza kuwa na rangi wala kivuli. Nani angeweza kukirudia kivuli kimoja mara maelfu?

Dawa ilipatikana upesi. Mwaka huo huo wa 1914 Mmarekani mwingine, Earl Hurd, aliomba hati ya kumiliki uvumbuzi wake, akapewa mwaka 1915. Uvumbuzi wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza: mhusika achorwe kwenye karatasi angavu ya seluloidi, na karatasi hiyo ilazwe juu ya picha moja ya mandhari isiyobadilika. Mhusika akisogea, inabadilishwa seluloidi peke yake. Mlima unabaki pale pale.

Jambo hilo lilimfungulia mlango mchoraji wa mandhari. Kwa kuwa sasa picha moja ilitosha tukio zima, aliweza kukaa nayo siku nzima au zaidi, akaipaka rangi, akaitia vivuli, akafikiri. Lakini lilimletea pia taabu ambayo haijamtoka hadi leo. Mhusika alipakwa rangi bapa na kuzungushiwa mstari, ilhali mandhari ilikuwa na kina na vivuli. Vitu viwili vya asili mbili vilitakiwa viishi katika dunia moja. Mandhari ikiwa dhaifu, mhusika anaelea hewani. Ikiwa na nguvu mno, inamfunika. Mchoraji wa mandhari ni kama mpiga ngoma wa taarabu: akipiga kidogo wimbo unalegea, akipiga sana mwimbaji hasikiki.

Wa kwanza kuonyesha jinsi mwanga wenyewe unavyoweza kuibeba hadithi walikuwa wengi, lakini mmoja anastahili kutajwa hapa kwa sababu hadithi aliyoitumia si ngeni pwani yetu. Lotte Reiniger, mama wa Kijerumani, alimaliza mwaka 1926 filamu ndefu ya mwanamfalme Achmed iliyotokana na visa vya Alfu Lela Ulela. Alikata watu wake kwa mkasi kutoka karatasi nyeusi, akawalaza juu ya kioo, na taa ikawaka kutoka chini. Watu walikuwa vivuli vitupu visivyo na macho wala midomo, na mandhari nyuma yao ilitengenezwa kwa tabaka juu ya tabaka, la mbele likiwa jeusi zaidi na la mbali likizidi kufifia. Mtazamaji aliona kina na umbali bila kuchorewa mengi. Hapo tayari imo kanuni ya kwanza ya kazi hii: kilicho karibu kina giza na makali, kilicho mbali kina weupe na ulaini.

Kanuni hiyo si siri ya Wajerumani. Aliyewahi kuutazama mlima wa Uluguru asubuhi kutoka Morogoro mjini anaijua. Migomba iliyo karibu ni ya kijani kilichokolea na majani yake yanahesabika. Mgongo wa kwanza wa mlima una kijani kilichopauka. Mgongo wa nyuma yake ni wa samawati, na ule wa mwisho unakaribia kuwa sawa na mbingu. Ni hewa ndiyo inayofanya hivyo, pamoja na mvuke na vumbi lililomo ndani yake. Kila hatua ya umbali huongeza pazia jembamba mbele ya jicho.

Studio ya Walt Disney iliigeuza kanuni hiyo kuwa mtambo. Katika filamu fupi The Old Mill ya mwaka 1937 walitumia kamera iliyosimamishwa juu ya vioo vilivyopangwa kimoja chini ya kingine. Miti ya karibu ilipakwa kwenye kioo cha juu, nyumba kwenye kioo cha kati, mbingu chini kabisa, na kila kioo kikapewa taa yake. Vioo viliposogezwa kwa mwendo tofauti, mtazamaji alijiona kama anaingia ndani ya picha. Mwishoni mwa mwaka huo ilifuata filamu ndefu ya Snow White, ambayo mandhari yake ilichorwa kwa rangi za maji zilizopozwa makusudi, ili wahusika wenye rangi wazi wasipotee ndani yake.

Sasa tufike kwa mtu ambaye kwa maoni yangu aliielewa kazi hii kuliko wengi. Jina lake ni Tyrus Wong. Alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, akafika Marekani na baba yake mwaka 1920. Wakati huo sheria ya Marekani iliwazuia Wachina wengi kuingia, na ili waingie iliwabidi kutumia majina ya karatasi yasiyo yao. Mtoto huyo alitenganishwa na baba yake na kuzuiliwa katika kisiwa cha Angel Island, akihojiwa na maofisa kabla ya kuachiwa. Baadaye baba yake alimfundisha kuandika kwa brashi. Kwa kuwa wino ulikuwa ghali kwao, mtoto alichovya brashi kwenye maji na kuandika juu ya magazeti ya zamani. Maandishi yalikauka na kutoweka. Alijifunza, basi, kwa alama zisizodumu, na kila mpigo wa brashi ulimtaka ajue anachokitaka kabla ya kuugusa ukurasa.

Wong alisomea uchoraji Los Angeles, na mwaka 1938 akaajiriwa na Disney katika kazi ya chini kabisa, ya kuchora miendo ya katikati baina ya mchoro mmoja muhimu na mwingine. Ni kazi ya kuchosha akili na macho. Wakati huo studio ilikuwa ikihangaika na filamu ya Bambi, hadithi ya mtoto wa paa. Wachoraji wa mandhari walikuwa mahodari, na uhodari wao ndio uliokuwa tatizo. Walichora msitu wenye kila jani na kila ganda la mti. Paa ana rangi ya udongo, msitu nao una rangi ya udongo na majani, hivyo mnyama akisimama katikati ya majani elfu haonekani.

Wong alikwenda nyumbani akachora michoro midogo ya rangi, akaileta kazini. Katika michoro hiyo, iliyofuata mapokeo ya wachoraji wa mandhari wa China ya kale wa enzi ya Song, msitu haukuchorwa jani kwa jani. Ulidokezwa. Pembeni mwa picha miti ilikuwa madoa laini ya giza, mengine yakiyeyuka kwenye ukungu. Katikati palikuwa na uwazi wenye mwanga, na ndani ya mwanga huo alisimama paa mdogo, mweusi kidogo, peke yake. Jicho halikuwa na pa kwenda ila kwake. Wakubwa wa studio waliiona michoro hiyo, na ikawa ndiyo dira ya filamu nzima: wachoraji wengine walitakiwa waufuate mkono wake.

Mwaka 1941 kulitokea mgomo mkubwa katika studio hiyo. Wong hakugoma, lakini katika msukosuko uliofuata aliondolewa kazini. Filamu ilitoka mwaka 1942, na katika orodha ya waliofanya kazi jina lake liliwekwa tu miongoni mwa wachoraji wa mandhari, kama mmoja wa kundi. Aliendelea na maisha, akafanya kazi miaka mingi katika studio ya Warner Bros., akachora kadi, akatengeneza tiara. Heshima rasmi ya Disney alipewa mwaka 2001. Alifariki Desemba 2016, akiwa na miaka 106.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Wong ilichelewa miaka karibu 60. Nami huona kuna mfanano wa ajabu kati ya kazi yake na yaliyompata. Alifundisha jinsi ya kufanya kila kitu pembeni kififie ili mmoja aonekane, naye mwenyewe akawekwa pembeni akafifia.

Tukiyatoa masomo ya Bambi na kuyapanga, yanakuwa machache na yanaeleweka. La kwanza, tofauti kubwa kabisa kati ya giza na mwanga iwekwe pale mhusika atakaposimama, na kwingineko tofauti ipunguzwe. La pili, picha iachiwe uwanja. Mandhari ya katuni haijakamilika yenyewe. Ni jukwaa linalosubiri wachezaji, na picha iliyojaa kila pembe ni nyumba isiyo na mahali pa mgeni kukaa. La tatu, vitu vyeusi vya mbele, kama tawi au ukingo wa pango, vitumike kama fremu ya dirisha inayoliongoza jicho ndani. La nne, palipo na mwanga wa joto, wa manjano au chungwa, kivuli kiegemee rangi ya baridi, samawati au zambarau, maana kivuli cha nje hupata mwanga wake kutoka mbinguni. La tano, kabla ya rangi yoyote, picha ijaribiwe kwa rangi tatu tu: nyeupe, kijivu na nyeusi. Isipoeleweka hapo, rangi haitaiokoa. Wachoraji huyakunja macho mpaka picha ionekane kwa ukungu. Kinachobaki kuonekana ndicho picha yenyewe.

Si kila mtu alikubaliana na njia ya Wong. Mwaka 1959 ilitoka Sleeping Beauty, ambayo mandhari yake ilitawaliwa na mkono wa Eyvind Earle. Yeye alichora kila jani na kila jiwe, kwa mistari ya wima na ya ulalo, na kila kitu kikawa na makali kuanzia mbele hadi upeo wa macho. Picha zake ni za kustaajabisha. Lakini tangu wakati ule wapo waliosema kwamba mandhari iliwameza wahusika, na mjadala huo haujafungwa. Mimi nadhani zote mbili ni njia halali, ila ya Earle inamtaka mtazamaji aipende picha kwanza, na ya Wong inamtaka ampende mhusika kwanza.

Kisha ikaja kompyuta. Watu wengi hudhani ilipoingia ilifuta yaliyopita, na sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1990 Disney walitoa The Rescuers Down Under, filamu ndefu ya kwanza ambayo wino na rangi za wahusika vilitiwa na kuunganishwa kwa kompyuta yote nzima. Seluloidi ikaaga. Lakini mandhari yake ilikuwa bado imechorwa kwa brashi kwenye karatasi, ndipo ikaingizwa ndani ya mashine. Mwaka huo huo ilianza kuuzwa programu ya Photoshop, iliyotungwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na mwaka 1994 ikaongezewa matabaka. Mchoraji akaweza kuweka mbingu kwenye tabaka moja, milima kwenye jingine, mti kwenye jingine tena, akasogeza kila moja peke yake. Msomaji ameshaitambua hali hii. Ni seluloidi ya Hurd na vioo vya The Old Mill, ila havina uzito wala havivunjiki.

Mchoraji wa leo mwenye kalamu ya kielektroniki hutandaza kwanza rangi za mahali bila jua. Halafu hufungua tabaka la kivuli ambalo huongeza giza juu ya rangi ya chini bila kuifuta, kama maji ya wino mwepesi yaliyopitishwa juu ya picha iliyokauka. Juu yake huweka tabaka la mwanga, kisha ukungu. Akitaka kuigeuza asubuhi kuwa jioni hubadilisha tabaka mbili tatu tu. Akitaka kujua kama mpangilio umekaa sawa huipindua picha kushoto kulia, kama kwenye kioo, na kasoro ambayo jicho lilikuwa limeizoea hujitokeza. Katika Tarzan ya mwaka 1999 walifika mbali zaidi: mchoraji alipiga brashi ndani ya msitu wenye pande zote, na kompyuta ikaukumbuka kila mpigo ili kamera ipite katikati ya miti iliyochorwa. Na Klaus, iliyotengenezwa Hispania na kutoka mwaka 2019, iliwapaka hata wahusika wenyewe mwanga na vivuli. Mwachano ule wa tangu mwaka 1914 kati ya mhusika bapa na mandhari yenye kina ukawa umezibwa.

Lakini neema hii ina mtego wake. Kompyuta haichoki, na picha inaweza kukuzwa mpaka jani moja lijae kioo kizima. Ziko brashi zinazomwaga majani mia kwa mpigo mmoja. Kijana anayeanza hujikuta amepamba kila pembe, na mwisho wa siku ana msitu ule ule uliowashinda wachoraji wa Bambi kabla ya Wong. Siku hizi zimekuja pia programu zinazotoa picha nzima kwa kuandikiwa maneno tu. Zimefundishwa kwa picha chungu nzima za wachoraji ambao aghalabu hawakuulizwa wala hawatajwi. Mambo ya Angel Island na ya mwaka 1942, ya mtu kutumika huku jina lake likifichwa, si historia ya zamani kama tunavyopenda kuamini.

Yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa sababu mwanga una kwao. Wasanii wa The Lion King, iliyotoka mwaka 1994, walipotaka kuipata nchi ya simba hawakubaki California kubuni. Baadhi yao walisafiri Kenya mwaka 1991, wakazunguka hadi kwenye magenge ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wakichora na kutazama. Walikuja kutafuta jua letu. Ajabu ni kwamba kijana wa Dar es Salaam au Mombasa akifungua masomo ya uchoraji wa kompyuta hufundishwa jua la kwao: jioni ndefu ya dhahabu na vivuli virefu vya saa nzima. Kwetu jua la saa sita mchana liko karibu na utosi, kivuli kimejikunja miguuni, na ukuta mweupe wa chokaa unaumiza macho. Jioni likishuka linashuka kwa haraka, na kabla hujamaliza kufunga duka giza limeingia.

Lugha yetu yenyewe inayajua haya. Saa zetu tunazihesabu kwa jua: saa moja ni moja tangu kuche, na moja tangu kuchwe. Tunayo maneno ya alfajiri, macheo, adhuhuri, alasiri, machweo na utusitusi, na kila neno ni rangi yake na kivuli chake. Mtu mwenye maneno hayo tayari ana nusu ya somo.

Tena tunao wachoraji walioamua kutotumia kivuli kabisa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama kwa rangi za mafuta za dukani juu ya ubao, kwenye nyuma ya rangi moja au mbili, bila jua wala umbali. Chui wake anaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, maana nyuma yake hapana kitu cha kushindana naye. Tingatinga na Wong hawakukutana, lakini wote wawili walijua namna ya kumwachia mnyama nafasi. Mkono wa Tingatinga ndio uliozaa sura ya mfululizo wa katuni wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Na tangu mwaka 2014 watoto wetu wana Ubongo Kids, kutoka Dar es Salaam, wakijifunza hesabu kwa katuni zinazosema Kiswahili. Kwa hiyo wapo vijana hapa hapa ambao leo wanakaa mbele ya kompyuta wakiamua jua la tukio lichomoze upande gani.

Kwa hao ningesema watoke nje na daftari saa moja asubuhi, saa sita, na saa kumi na mbili jioni, mahali pamoja, siku tatu mfululizo, na waandike rangi ya kivuli. Ni kazi isiyo na gharama. Na kwa sisi watazamaji, filamu inapokwisha majina hupita upesi huku watu wakitafuta viatu na kuwaamsha watoto waliolala. Tukae dakika mbili zaidi. Wachoraji wa mandhari kwa kawaida wamo humo, chini ya waigizaji na wanamuziki, kwa herufi ndogo.